Alhamisi za Fundi wa Viti

Warsini alikuwa na mdomo. Hilo hakuna aliyelibishia pale karakana, hata yeye mwenyewe. Alianza kushona viti vya mabasi akiwa bado msichana, enzi karakana ikiwa bado ya marehemu baba yake Mama Lanny, na miaka yote hiyo cherehani yake ilinguruma chini na yeye akanguruma juu. Alijua nani kagombana na mkwe wake, pilipili imepanda bei kwa nini, na dereva gani wa Semarang kaoa mke wa pili kwa siri. Mafundi wa kuchomelea walikuwa wakisema umeme ukikatika Ungaran nzima, Warsini peke yake atabaki anafanya kazi.

Kazi yake aliipenda. Basi likiingia uani halikuwa basi, lilikuwa injini, magurudumu na mifupa ya chuma. Likitoka lilikuwa bibi harusi, limepakwa rangi, vioo vinameta, na ndani viti vimepangwa vile alivyovishona yeye na wenzake. Alikuwa na mume mpole, Tukijo, aliyestaafu kazi ya reli na kuhamishia mapenzi yake kwa njiwa. Watoto wao wawili wa kiume walikuwa viwandani huko Batam, wakipiga simu Jumapili. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila nyumba ilikuwa kimya, na kimya hakikumpenda.

Chama cha Sanding kilianzia kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Jina lenyewe kwa Kijava maana yake ni kuwa ubavuni mwa mtu, na ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika pale: kijana aliyekwama, aliyeacha shule au asiye na mtu wa kumsikiliza, anatafutiwa mtu mzima mmoja wa kukaa naye. Mwaka wa kwanza Mama Lanny, mwenye karakana, aliwasaidia kwa namna aliyoijua. Alichapisha fulana zenye jina la kampuni kifuani, akaagiza maboksi ya wali na kuku, akatundika bango kubwa. Vijana wakapangwa juani mbele ya basi jipya, wakapigwa picha, wakala, wakaondoka. Warsini naye alikuwemo pichani, kamshika bega msichana ambaye hakuwahi kumwuliza jina.

Mwaka uliofuata, Nastiti, mratibu wa chama, akaja ofisini. Alikuwa binti mdogo wa umbo, sauti ya chini, hijabu ya kijivu. Warsini alikuwa pale kwa bahati tu, kaleta vipande vya ngozi bandia bosi achague rangi.

"Mama, kwa fulana tunashukuru sana," Nastiti alisema. "Ila mwaka huu, kama hutojali, tusingependa fulana."

Mama Lanny akavua miwani. "Rangi haikuwapendeza?"

"Rangi nzuri, Mama. Ila wengi sasa wanafutia pikipiki."

Warsini akainamisha kichwa kwenye vipande vyake ili asionekane anacheka.

"Basi mnataka nini? Pesa?"

"Pesa hatuikatai, kuna nauli, kuna pango. Lakini kinachotukwamisha hasa ni watu. Mtu mmoja kwa kijana mmoja, wakutane kila wiki, mtu yule yule, mwaka mzima. Wapo wanaotamani, lakini wakitoka kazini jua limeshazama na miguu inawauma. Wewe Mama una watu. Tupe saa zao."

"Saa zao ninazilipia mimi."

"Ndiyo maana nikaja kwako."

Warsini alidhani binti atafukuzwa. Lakini Mama Lanny aliguna kama mtu aliyepigiwa hesabu na kukuta ni sahihi. Akamgeukia Warsini. "Umesikia? Si unapenda kuongea wewe? Utakuwa wa kwanza."

"Mimi? Bosi, wanangu mwenyewe hawanisikilizi, wamekimbilia Batam!"

Lakini bosi akisema kasema. Ikakubaliwa kwamba kila Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, waliojiandikisha watatoka kazini na mshahara wao hautaguswa. Basi la kuwabeba wafanyakazi litawaleta vijana na kuwarudisha. Ukumbi wa kulia chakula utakuwa wao mpaka jioni. Na nauli za mratibu na pango la ile nyumba ya nyuma ya soko kampuni itabeba, bila bango. Bagyo, msimamizi wa uzalishaji, alisikiliza yote hayo mikono kiunoni.

"Kwa hiyo sasa tumefungua chekechea," akasema.

Kabla ya kuanza walifundwa na Nastiti. Usihubiri. Usitoe pesa mfukoni. Usiahidi usichoweza. Na usikose, ukiwa na dharura sema mapema. Warsini alitikisa kichwa kwa kila neno, huku moyoni akipanga ataongea nini.

Aliyepewa yeye aliitwa Kinasih, msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, nywele kazifunga kwa mpira wa kufungia vifurushi. Alikuwa ameacha shule na kukaa na bibi yake, muuza njugu za kuchemsha karibu na barabara kuu ya kulipia. Siku ya kwanza alimbusu Warsini mkono kwa adabu, akakaa, akaangalia ndala zake. Warsini akafikiri aibu hiyo itaisha, akaanza. Akamweleza habari za karakana, za watoto wake, za ujana wake. Alhamisi ya pili akamweleza habari za ndoa. Ya tatu, kwa nia njema kabisa, akamweleza mwisho wa msichana asiye na cheti: kufua nguo za watu, kuolewa na mlevi, na kujuta. Kinasih alisema "ndiyo, Mama" na "sawa, Mama", na ilipofika saa ya basi akawa wa kwanza kupanda.

Wiki iliyofuata hakuja.

Warsini alikaa ukumbini na vifurushi viwili vya tofu iliyojazwa nyama, kimoja chake, kimoja cha mgeni. Wenzake wote walikuwa na vijana wao. Kijana mmoja alikuwa akifundishwa drafti na fundi wa rangi, na tayari alikuwa anamshinda. Warsini akavila vifurushi vyote viwili kwa hasira.

"Hana shukrani," akamwambia Nastiti. "Nimempa kila kitu nilichonacho kichwani."

Nastiti akavuta kiti. "Mama Warsini, na yeye umemjua vipi?"

"Ni mtoto mpole."

"Anapenda nini?"

Warsini akatafuta kichwani. Hakukuwa na kitu. Wiki tatu, na alichokijua kuhusu yule mtoto kilikuwa ndala.

Nyumbani alimsimulia mumewe, akitarajia kuhurumiwa. Tukijo alikuwa akiwamwagia njiwa mahindi. Alicheka mpaka akamwaga bakuli.

"Miaka thelathini na zaidi nimeishi na wewe, mama watoto. Huyo binti namwelewa vizuri sana."

"Wewe nawe!"

"Mimi nilipata pa kukimbilia," akasema akiwaonyesha njiwa. "Yeye maskini hata banda hana."

Usiku ule Warsini alinuna. Lakini Alhamisi ilipofika, badala ya kukaa ukumbini alimwomba Nastiti ruhusa, akapanda pikipiki yake na kwenda kwa muuza njugu. Bibi alikuwa kizee mcheshi asiye na meno ya mbele.

"Kinasih? Yuko darajani," akasema. "Kutwa yuko darajani, anasikiliza mabasi. Mtoto wa kike! Mwite, labda wewe atakusikia, mimi nimechoka."

Daraja la waenda kwa miguu lilipita juu ya barabara kuu. Pale juu walijaa watoto wa mtaa, wamening'inia kwenye vyuma, wakiyapungia mikono mabasi yaendayo Solo ili yapige zile honi za muziki. Kinasih alikuwa mkubwa kuliko wote, amesimama pembeni kidogo, kafumba macho. Basi likaja, dereva akaachia honi, ikalia wimbo mzima kama bendi ya harusi. Watoto wakaruka na kupiga kelele. Kinasih hakuruka. Alitabasamu tu, macho bado kafumba, kama mtu anayeonja mchuzi.

Warsini akasimama karibu naye. Maneno yalimjaa kooni: njoo chini, utaanguka, utaungua jua, bibi yako anakutafuta. Akayameza. Likapita basi, likapita lingine. Haikuwahi kumtokea kukaa kimya muda mrefu hivyo akiwa hajalala.

Hatimaye Kinasih akasema bila kumtazama, "Lile la bluu limebadilisha honi. Ya zamani ilikuwa nzuri zaidi."

"Kwa nini?"

"Ya zamani ilikuwa na sauti nene chini. Hii yote ni nyembamba, inatoboa." Akageuka. "Hizi honi ni nyinyi mnafunga? Pale karakana?"

"Ni Mzee Gito. Kijumba chake kimepakana na chetu."

"Unamjua kweli?"

"Nitaachaje kumjua? Kila siku anadokoa chakula changu, anadhani sioni."

Kinasih akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, na Warsini, kwa sababu asizoweza kueleza, alijisikia kama aliyepandishwa cheo.

Kuanzia hapo Alhamisi zao hazikuwa za ukumbini. Walizunguka karakana. Mzee Gito, ambaye masikio yake yalikuwa yameshaharibiwa na honi zake mwenyewe, alimruhusu msichana kubonyeza kila kitufe na kuunganisha waya chini ya jicho lake. Warsini alishona pembeni au alimenya njugu za bibi. Akajifunza kuuliza swali moja na kungoja. Mambo yakaja yenyewe, kidogo kidogo. Mama yake Kinasih alikwenda kufanya kazi za ndani Hong Kong, akasema atarudi baada ya Idi, na Idi zikapita. Mwaka ule ule binti alifeli, akarudia darasa na watoto wadogo, nao wakampa jina la Bibi.

"Kila nikiingia darasani, 'Bibi kaja, mpisheni Bibi akae.'"

Zamani Warsini angekuwa na hotuba ya hilo. "Ningekuwa mimi ningewazaba," akasema.

"Ndicho nilichofanya. Ndiyo nikafukuzwa kwa muda, na sikurudi tena."

Wakacheka wote wawili mpaka Mzee Gito, ambaye hakusikia neno, akacheka pia.

Siyo kwa kila mtu mambo yalikwenda hivyo. Fundi mmoja wa rangi aliacha baada ya wiki chache, akisema kijana wake ananuka sigara na hana adabu. Kijana mwingine, Damar, alipanda basi la Jakarta bila kuaga mtu, na fundi wa vioo aliyekuwa naye alikaa siku nyingi akijiuliza kosa lake liko wapi. Na wale waliobaki kazini kila Alhamisi walianza kunung'unika. Yatmi, aliyeshona jirani na Warsini, alisema wazi.

"Nyinyi mnakwenda kupiga soga na kumenya njugu, sisi huku tunavunjika migongo. Thawabu zenu, kazi zetu."

Warsini alitaka kujibu, ila aliona Yatmi hajakosea.

Ukaja mwezi wa Ramadhani, na Idi ikawa inakaribia. Huo ndio msimu ambao Java nzima inarudi makwao na kila mwenye kampuni ya mabasi anataka gari lake jipya jana. Ua ulijaa mifupa ya mabasi. Bagyo akapanda ofisini, aliposhuka akatangaza mbele ya wote: Alhamisi zimesimama mpaka baada ya Idi. Bosi kakubali.

Warsini alishona mshono mmoja, akaufumua. Akashona tena, ukaenda upande. Akainuka, akapanda ngazi.

"Bosi, nimekuja na neno moja tu."

"Wewe?" Mama Lanny akasema. "Moja?"

"Moja. Zile fulana ulipotoa, tukapiga picha, yakaisha. Hakuna aliyeumia. Hili la sasa siyo fulana. Mama yake Kinasih alimwambia atarudi baada ya Idi. Sasa na mimi nikamwambie hivyo hivyo, nitarudi baada ya Idi? Hatalia, bosi. Ataitikia tu, 'sawa, Mama', halafu hutamwona tena. Na mimi nitakuwa nimemwongezea mtu wa pili wa kumwacha. Kama ni hivyo, bora tusingeanza."

Mama Lanny akageuza kiti kuelekea dirishani. Chini uani cheche za kuchomelea zilikuwa zikiruka.

"Na mabasi yangu atayashona nani?"

"Tuliofunga tukishakula daku hatulali tena. Tutaingia mapema siku zote za mwezi huu, tufidie. Na wale wanaobaki Alhamisi, bosi, wape na wao kitu. Wanabeba mzigo wetu na hakuna anayewaambia ahsante."

"Kitu gani?"

"Watoke mapema Jumamosi. Yatmi ana mama mgonjwa kule Ambarawa, anafika usiku kila wiki."

Mama Lanny akahesabu mabasi ya uani kwa kidole, na Warsini akamwacha ahesabu.

"Mwenye mabasi ya Wonosobo nitampigia mimi," Mama Lanny akasema mwishowe. "Mawili yatachelewa. Atanitukana."

"Umeshatukanwa na wengi, bosi, na bado unapendeza."

"Na wewe ndiye wa kwanza, nasikia. Nenda kashone."

Yule wa Wonosobo alitukana kweli, kisha akakubali, na Alhamisi zikaendelea. Mafundi waliingia alfajiri, midomo mikavu, macho mekundu, wakitaniana kuona nani atasinzia kwanza juu ya cherehani. Jumamosi Yatmi alifika kwa mama yake jua likiwaka, na akiulizwa akawa anasema ameamua kuwavumilia watu wa Alhamisi. Bagyo hakuwahi kusema kama alikosea. Alinung'unika mpaka basi la mwisho lilipotoka getini, na bado ananung'unika.

Baada ya Idi, Kinasih ndiye aliyelianzisha mwenyewe. Alikuwa akimsaidia Mzee Gito kukunja waya.

"Mzee anasema kuna shule ya ufundi wa umeme. Lakini lazima kwanza nimalize ile niliyoiacha. Kuna darasa la jioni la watu wazima."

"Mm," Warsini akasema, akaendelea kumenya njugu.

"Huko hakuna mtu wa kuniita Bibi. Kuna mama mmoja ana wajukuu."

"Mm."

"Mbona hunishauri?"

"Nakusikiliza."

"Basi leo nishauri!"

"Nenda," Warsini akasema. "Ukitaka, siku ya kwanza nitakusindikiza."

Walikwenda pamoja, jioni yenye manyunyu. Darasa lilikuwa na muuza mboga, waendesha pikipiki wawili na yule mama wa wajukuu. Kinasih alisimama mlangoni, akarudi nyuma hatua moja, akamshika Warsini mkono.

"Usiondoke mapema, mama mkubwa."

Mpaka siku hiyo alikuwa akimwita Mama Warsini, kama wafanyakazi wengine wote. Warsini alikaa kwenye benchi la nje mpaka darasa likaisha, na mwenye duka la jirani anasema yule mwanamke alikuwa akitabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Kinasih alifaulu, na sasa anasoma umeme wa magari katika shule ya ufundi. Somo la hesabu linamsumbua, mengine anayaweza. Mwaka wao wa Sanding ulikwisha kwa karamu ndogo ya ukumbini, bila bango. Yatmi akajiandikisha kwa awamu iliyofuata. Warsini naye akapewa kijana mpya, Galih, anayeongea kumzidi yeye, na sasa anajua wenzake walikuwa wakipitia nini.

Habari zikatoka nje ya karakana. Kiwanda cha tambi na kile cha dawa za mitishamba wakataka kuiga, wakaomba mtu wa kuwaeleza. Mama Lanny akamtuma Warsini, akiwa na wasiwasi kwamba hatamaliza. Alimaliza upesi kuliko wote.

"Watoeni watu wenu kazini mchana, na mishahara msiguse," aliwaambia. "Wapeni gari. Lipeni pango la chama, maana mratibu naye anakula. Wanaobaki kazini wakumbukeni. Mkianza, msiache katikati, hata kazi ikiwabana. Na msipige picha sana."

Bwana mmoja wa kiwanda cha tambi akauliza kampuni inafaidika nini.

"Hiyo hesabu mwulizeni bosi wangu," Warsini akasema. "Mimi zamani mume wangu akiniuliza nimefanya nini leo, nilikuwa namjibu: viti. Siku hizi nina mengine."

Mwaka jana, Jumapili moja, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yake. Alishuka Kinasih, na nyuma yake mwanamke wa makamo aliyevaa koti lisilofaa kwa joto lile. Alikuwa mama yake, amepata likizo, miaka mitatu tangu aondoke. Warsini alifuta mikono kwenye kanga ya jikoni, akawakaribisha ndani. Alihofia wivu wa yule mama, na alihofia lawama zake.

Mgeni alikaa ukingoni mwa kiti, kakumbatia mfuko wa zawadi. "Kila nikipiga simu ni mama mkubwa hivi, mama mkubwa vile," akasema. "Nitasema kweli, dada. Nilikuwa nakuchukia."

"Hata mimi ningekuchukia," Warsini akajibu.

Yule mama akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akiomba radhi, na Warsini akamvuta jikoni ambako palikuwa na kazi, maana huko watu huongea vizuri zaidi. Kulikuwa na fenesi changa la kukatakata na nazi ya kukuna. Kinasih aliwatazama akiwa mlangoni, akaona wanabishana kuhusu kiasi cha sukari ya mnazi, akaenda zake nje kumsaidia Tukijo kuziba tundu la banda.

Walikula mkekani wote wanne. Mgeni alieleza habari za Hong Kong, nyumba zilizo juu mawinguni na kazi yake ya kumwogesha bibi kizee. Alisema amebakiza mkataba mmoja tu, na safari hii hakutaja Idi. Alisema mwezi, akautaja na mwaka. Kinasih alimsikiliza bila kuinua macho, kisha akamwongezea mama yake wali. Tukijo, aliyechelewa kunawa, alikuta nyama yote imekwisha sufuriani, akapakua mchuzi na fenesi, akasema hakika leo sukari imekaa sawa.